Rimoti Aliyozikwa Nayo Baba Chebet

Usiponiamini, njoo Litein, simama upande wangu wa kushoto uniite. Sitageuka. Sikio hilo lilikufa siku moja saa tisa unusu mchana, ndani ya pikapu nyeupe iliyoegeshwa nyumbani kwa mtu, na aliyeliua alikuwa amezikwa miezi saba. Sikusimuliwa haya. Niliyaona kwa macho yangu, tena sijawahi kuonja pombe.

Mimi ni fundi wa funguo za magari. Ndiyo, mwanamke. Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalize. Nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, wazazi wangu watu wa ziwani, na kazi hii niliipata kwa kumtazama fundi mmoja mzee mpaka akachoka kunifukuza. Gari likipoteza rimoti, ile ya kubonyeza milango ikafunguka, mimi nalifundisha rimoti mpya. Magari ya siku hizi yanataka kompyuta. Pikapu kuukuu hazina makuu. Unatia ufunguo wa chuma, unawasha na kuzima mara tano haraka bila kukosea hesabu, na kufuli za milango zinalia mara mbili: ta-ta. Hapo gari limesahau rimoti zote za zamani na linasikiliza. Rimoti ya kwanza kubonyezwa ndiyo litakayoishika, na likishaishika, kufuli zinalia mara moja. Ni hayo tu. Hata wewe ungeweza.

Basi, siku moja ya soko alikuja Mama Chebet, mkulima wa chai kutoka ng'ambo ya mto. Aliegesha mbele ya kibanda changu, akazima injini, akabaki ameushika usukani. Kulikuwa na jua kali lakini alikuwa amejifunga skafu mpaka kidevuni. Akanipa rimoti mpya, bado iko ndani ya nailoni.

"Fundi, nataka hii iingie. Na ile ingine itoke."

"Ile ingine iko wapi?"

"Iko na Baba Chebet."

Nilipoinama kuangalia kufuli ya mlango, skafu ikateleza. Shingoni mwake kulikuwa na alama za vidole, nyekundu, za jana au juzi. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nikamuuliza nani amemfanyia vile.

"Ni yeye."

"Basi twende polisi. Sasa hivi. Nafunga kibanda."

"Polisi watamshika aje, Fundi? Tulimzika kabla mvua ianze."

Akanieleza, macho yakiwa chini. Mumewe alimpiga miaka kumi na mmoja. Alipokufa, mama mkwe alimtia ile rimoti mfukoni mwa koti ndani ya jeneza, kwa sababu mwanawe aliipenda pikapu kuliko kitu chochote. Tangu hapo, kila jioni, wakati ule ule aliokuwa akirudi kutoka kulewa, kufuli za pikapu zinalia zenyewe uani. Ta. Kisha mlango wa gari unafunguka. Kisha anapigwa. Kanisani walimwombea, akapigwa usiku huo huo.

"Na kwa nini umekuja kwangu? Mafundi wamejaa hapa."

"Juu hao ni wanaume. Wataniuliza nilimkosea nini."

Nikaichukua rimoti yake na bisibisi yangu. Lakini nilimwamini? Hata. Betri gani inakaa udongoni miezi saba? Nilijiambia kuna shemeji mahali, ana rimoti ya pili na mkono mzito, na nikiifuta hiyo rimoti nimemkomesha. Niliifurahia sana kazi hiyo.

Sasa sikia kosa langu. Siku ya soko Litein kuna rimoti kila mahali. Gari likiwa linasikiliza, mwalimu anafunga gari lake kando ya barabara, na gari la mteja wako linashika rimoti ya mwalimu. Ilishanitokea. Kwa hiyo nikamwambia, twende kwako, kwenye utulivu, mahali ambapo hakuna rimoti nyingine. Nikasema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Na wewe unajua huku kwetu mtu anazikwa wapi.

Niliendesha mimi, yeye akinionyesha njia. Nilipozima gari uani, kaburi lilikuwa pale mbele, hatua kama ishirini, kati ya sukuma wiki na majani ya chai. Mvua ya mawe ikaanza, ile yetu ya mchana inayopiga mabati mpaka hamsikizani. Tukabaki ndani, mimi kwenye usukani, yeye kushoto kwangu.

Nikawasha, nikazima, mara tano. Ta-ta. Nikainua rimoti mpya. Kidole changu kilikuwa hakijagusa kitufe, naapa kwa kaburi la mama yangu, na kufuli zikalia.

Ta.

Mtu alikuwa ametutangulia. Mlango wa upande wangu ukafunguka, baridi ikapita juu ya mapaja yangu, mlango ukajibamiza. Harufu ya chang'aa na ya udongo mbichi ikajaa ndani. Mama Chebet alisema neno moja tu, kwa Kipsigis, neno la kuomba msamaha. Kisha uso wake ukagonga dashibodi.

Ukagonga tena. Na tena. Nilikuwa naona kichwa kikivutwa nyuma kwa nywele na kusukumwa mbele, na hakukuwa na mkono. Damu ikaruka mpaka kwenye kioo. Nikachukua bisibisi nikachoma hewani kama mwendawazimu, nikatukana matusi ambayo sitayaandika hapa. Ngumi ikanipata sikioni. Siwezi kukueleza ngumi hiyo. Nilisikia kitu kikipasuka ndani ya kichwa, halafu upande huo wote ukanyamaza, mpaka leo.

Nikavuta mlango. Kufuli ikalia, ikajifunga. Nikaivuta juu, ikalia, ikajifunga tena. Hapo ndipo nilipoona. Kila kufuli zilipolia, kipigo kilisimama. Akibonyeza hapigi, akipiga habonyezi. Marehemu alikuwa na mikono miwili tu kama sisi.

Nikampigia kelele mama huyo, damu imenijaa mdomoni. "Nikianza upya gari litamsahau! Lakini atakimbilia kubonyeza kabla yangu! Akikuachilia tu, atabonyeza!"

Alikuwa anakabwa koo wakati huo, macho yamemtoka. Sijui alipata wapi pumzi ya kusema alichosema.

"Basi asiniachilie."

Kisha akafanya kitu ambacho nadhani hakuwahi kukifanya maisha yake yote. Akainua mikono. Ikakamata kitu kinene hewani, mbele ya shingo yake, na akakivutia kwake. Unanielewa? Mikono iliyokuwa inamuua aliishika akaibana kwenye koo lake mwenyewe ili isiende popote.

Nikaanza kuzungusha ufunguo. Moja. Mbili. Goti au kiatu kikanigonga mbavu. Tatu. Kidole changu kidogo cha mkono wa kulia kikapigwa teke mpaka kikalia, na hesabu ikanipotea. Nikaanza upya huku nalia kama mtoto. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Ta-ta.

Akajua. Nakuambia alijua! Pikapu yote iliyumba alipojivuta kuondoka. Mama Chebet akanyanyuliwa kitini, akaburutwa juu yangu kuelekea mlangoni, magoti yake yakinikandamiza, na hakuachilia. Akauma. Niliona meno yake yakizama katika kitu na udongo mweusi ukimtoka pembeni mwa mdomo.

Nikabonyeza.

Ta.

Mama Chebet akaniangukia mapajani. Harufu ikakatika. Tulibaki hivyo, damu yake na yangu zimechanganyika kwenye gauni lake, mpaka mvua ya mawe ikaisha na kuku wakatoka. Alikuwa amefumba ngumi zote mbili, na ilinibidi nizifungue kidole baada ya kidole. Ndani yake kulikuwa na udongo tu.

Kwetu ziwani marehemu kama huyo tungemwita jachien, mzimu wa kudhuru watu, na kumletea watu wanaojua kazi hiyo. Mama Chebet hakutaka jina wala watu. Alipoteza meno mawili, na sauti yake haijarudi vizuri mpaka leo, lakini analala. Hajapigwa tena hata siku moja. Chai yake anaipeleka mwenyewe, akipita mbele ya kibanda changu anapiga honi, nami naisikia kwa sikio lililobaki.

Sasa nitakuambia kwa nini nimeyaandika haya. Mwezi uliopita alinialika. Jioni ilipofika akanichukua mpaka pale kaburini, akaniambia nilaze sikio langu zima chini. Nikalilaza. Kutoka ndani kabisa nikasikia kitu kidogo, kikavu, hakipumziki. Tik. Tik. Tik. Tik.

Kitufe cha rimoti.

Pikapu ile haimsikii, imemsahau. Lakini ina ufunguo mmoja tu, wenye rimoti yake, na Mama Chebet anauvaa shingoni kwa uzi, hata akioga. Ukipotea, fundi atalazimika kulifungua tena gari lisikilize. Na pikapu huuzwa. Kwa hiyo wewe utakayenunua pikapu kuukuu nyeupe kutoka huku kwetu, ukapewa ufunguo mmoja na kuambiwa usiongeze wa pili, usimwone muuzaji kuwa mchoyo. Usiipeleke kwa fundi yeyote aifundishe rimoti mpya. Anayebonyeza hajachoka.