Mama Anauliza Paye Ni Nani

Leo mamangu ameniuliza kama nimeoa kisiri.

Mshahara wangu wa kwanza umeingia nikiwa River Road, hapa Nairobi.
Ulikuwa mdogo hadi nikadhani benki imekosea.

Shida ni kwamba nilikuwa nimemtajia mama ile pesa iliyoandikwa kwenye barua ya kazi, na yeye ashaita fundi wa mabati. Nyumba yake inavuja.

Kwa aibu nikamtumia picha ya payslip, ajionee makato. Kodi imeandikwa PAYE.

Akapiga simu.

"Huyu Paye ni nani, na mbona unampea pesa mingi kuliko mimi? Umeoa kisiri?"

Nikamweleza ni kodi ya serikali, inakatwa kila mwezi.



"Heri angekuwa msichana," akasema. "Huyo mngeachana."