Rangi Nyekundu kwenye Saa ya Meli

Nichekeni, lakini polepole, bado inaniuma. Nilikuwa nasafisha meli kuukuu iliyogeuzwa makumbusho, hapa Stockholm. Mimi ni mtoto wa Uvira, uchafu hunitia hasira. Chumba cha redio kilikuwa na saa ya ukutani, na kioo chake kimepakwa rangi nyekundu mahali pawili: kwenye robo na kwenye kasorobo. Nikajua ni watoto wa shule. Nikasugua mpaka kikang'aa.

Kesho yake akaja babu mmoja Mswidi na wajukuu wake, akaduwaa mbele ya saa.

"Rangi nyekundu iko wapi?"

"Nimeitoa mimi, mzee!" nikajibu, nikingoja sifa. "Ilinitoa jasho!"

"Niliipaka mimi," akasema. "Redio ya humu ilikuwa kazi yangu. Mataifa yalikubaliana kwamba mara mbili kila saa, mshale ukipita kwenye nyekundu, kwa dakika tatu redio za meli zote zinyamaze, ili anayezama asikike."

Hakunikemea, afadhali angenikemea. Mshale mrefu ukafika kwenye robo. Akanyamaza, wajukuu wakanyamaza, nami nikanyamaza, kitambaa bado mkononi.