Mama Mkwe na Redio ya Ndege

Redio niliyoipenda kuliko zote ilikuwa mbaya kwa sura. Ilikuwa nyeusi, ndogo ya kutosha kiganjani kama kipande cha sabuni ya kufulia, na antena yake ukiivuta yote ilikuwa ndefu kuliko mkono wangu. Niliinunua Makutano miaka ya themanini, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kiirua. Nilikosea kitu kimoja tu: nilienda kuichagua na mke wangu.

Mimi nilitaka redio ya kusikiliza mbali. Tangu chuo cha ualimu nilikuwa na ugonjwa huo wa kuzungusha kitufe polepole, nikitafuta watu wanaoongea lugha nisizozijua. Nikimpata mmoja anasoma habari kwa lugha ambayo siwezi hata kuikisia jina, nilifurahi siku nzima. Mke wangu naye alitaka redio ya kusikika. Alikuwa na sababu yake, nayo ilikuwa matangazo ya vifo. Alitaka awe jikoni, moto unavuma, mbuzi wanalia, na bado asikie nani amefariki na mazishi ni lini.

"Hiyo yako itamwambia nani?" aliniuliza dukani. "Hata kuku hawezi kushtuka."

Yeye alikuwa amechagua moja kubwa ya rangi ya fedha, yenye spika mbili na taa nyekundu zilizokuwa zikichezacheza. Ili kuzilinganisha, alivuka barabara akasimama mbele ya duka la mbegu, mkono sikioni. Muuzaji akawasha ile kubwa. Watu wa upande ule wote wakageuka. Kisha akawasha yangu.

"Washa basi!" mke wangu akapaza sauti kutoka ng'ambo.

"Imewashwa, mama!"

"Nasema washa!"

Kilichoniokoa ni uzito. Alipoibeba ile kubwa kujaribu kama ataweza kufika nayo nyumbani, alizunguka duka mara moja akairudisha juu ya kaunta. "Hii ni mtoto wa darasa la pili," alisema. Tukapatana kwamba nichukue yangu, lakini kwa sharti. Saa ya matangazo ya vifo mimi ndiye nitakayesikiliza, halafu nimpigie kelele jikoni. Kwa miaka mingi majirani zetu walijua nani amefariki kupitia kwangu.

Muuzaji alinieleza bendi zote kwa ufasaha, isipokuwa moja. Kwenye swichi, mwisho kabisa, paliandikwa AIR.

"Na hii ni ya nini?"

"Hiyo ni ya hewa, mwalimu," alijibu bila kusita. "Redio ikishika moto, unaiweka hapo inapoa."

Nilimwamini. Nilikuwa na cheti cha ualimu na nilimwamini. Kwa wiki kadhaa, nikimaliza kusikiliza, niliiweka redio kwenye ile bendi ipoe, nayo ilitoa sauti ya chwaaa ambayo nilidhani ndiyo hewa yenyewe ikiingia.

Mpaka Jumamosi moja alasiri redio ikipoa hivyo juu ya kigoda uani, mwanamume mmoja akaongea ndani yake. Alikuwa na Kiingereza cha puani, tena cha haraka, na alisema yuko maelfu ya futi angani upande wa kaskazini wa mlima. Nikatazama juu. Kulikuwa na ndege ndogo nyeupe, inatoka upande wa Nanyuki. Nikatazama redio. Nikatazama juu tena. Nilipiga ukelele uliomtoa mke wangu jikoni akiuliza, "Nani amekufa?"

Tangu siku hiyo sikuwa na haja tena na stesheni za mbali. Kila nikitoka shuleni nilikaa uani nikiwasikiliza marubani. Walikuwa watu wa maneno machache. Walitaja mwendo, urefu, mawingu, wakaagana. Mambo ya kawaida kabisa, lakini mimi nilikuwa nikitabasamu peke yangu kama mjinga.

Ndipo mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kanyakine. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani ovyo. Mimi nilikaa upande huu wa ua, yeye upande ule, na redio ikawekwa juu ya kigoda katikati kwa heshima. Rubani alipoanza kuongea, mama mkwe aliweka kikombe cha chai chini.

"Huyo ni nani?"

"Ni rubani wa ndege, mama."

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Akasimama, akafungua leso iliyokuwa mabegani, akaipunga kwa nguvu zote kama anayefukuza ndege kwenye shamba la mtama. Na huko juu, sijui kwa nini, pengine kwa kuwa walikuwa watalii wanaotaka kuuona mlima vizuri, ile ndege ililala ubavu mmoja, ikazunguka duara zima, ikaenda zake.

"Ameniona," mama mkwe alisema, akakaa. "Ana adabu."

Nilijaribu kumweleza. Mke wangu pia alijaribu. Alitusikiliza wote kwa upole, akarudi Kanyakine na habari kwamba mkwe wake anaongea na ndege.

Haikupita muda mrefu, mwenyekiti wa kamati ya kanisa lao akaja Kiirua akiwa amevaa tai. Walikuwa wamemaliza kujenga kanisa jipya la mawe na siku ya kulifungua ilikaribia. Kamati ilikuwa imekaa, ikaona ingekuwa vyema ndege ipite juu ya kanisa mgeni rasmi anapokata utepe.

"Mzee, hii redio haiwezi kusema," nilimwambia. "Inasikia tu. Mimi namsikia rubani, yeye hanisikii."

Mwenyekiti aliitazama redio kwa makini.

"Basi iongeze sauti," alisema.

Mke wangu alikimbilia jikoni na kanga mdomoni. Nilieleza tena kwa Kiswahili, kisha kwa Kimeru, kisha kwa kuchora mchangani. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa kuelewa, akasema nisiwe na wasiwasi, wamenitengea kiti cha mbele.

Siku yenyewe ikafika. Jua lilikuwa kali na mbingu ya Kanyakine haina doa. Niliketishwa karibu na mgeni rasmi, redio pajani, antena imevutwa yote, mpaka mgeni rasmi akawa anainamisha kichwa kila nikigeuka. Kwaya ikaimba. Sala zikaombwa. Kila baada ya muda mwenyekiti alinitazama, mimi nikaitazama redio, umati ukatazama juu.

Mgeni rasmi aliposimama kuhutubu, redio ikakohoa. Sauti ikaja, mbali lakini wazi. Mwenyekiti alimkatiza mgeni wa watu katikati ya sentensi, akaniletea kipaza sauti mdomoni.

"Amesema nini, mwalimu? Watu wanataka kujua."

Nikasema ukweli. Nikasema rubani yuko upande wa pili wa mlima, amekuta mawingu mazito meusi yamefunika kila mahali, na kwa hivyo anageuka kurudi.

Kilichofuata sikukitarajia. Watu wa mlimani ukiwaambia wingu zito, hawangojei maelezo. Akina mama walinyanyua masufuria ya mukimo na nyama, vijana wakabeba viti, kwaya ikaingia kanisani na ngoma zake, na umati wote nyuma yao. Utepe ulikatwa na vifua vya watu. Nilimwona mgeni rasmi akipita mlangoni bila miguu yake kugusa chini, hotuba mkononi.

Tulikaa humo tumebanana. Bati jipya lilichoma kama kikaango. Jasho lilitutiririka, mukimo ukipitishwa juu ya vichwa, watoto wakilia. Nje, jua liliwaka na hakuna hata jani lililotikisika. Mwishowe mgeni rasmi, ambaye alikuwa amebanwa kati ya mwanakwaya mnene na ngoma, aliuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka:

"Sasa hiyo mvua iko wapi?"

Watu wakanigeukia mmoja mmoja. Nilitamani sakafu ya saruji ifunguke. Ndipo mama mkwe akasimama kwenye benchi.

"Si mlimsikia mwalimu?" aliuliza. "Rubani amesema anarudi. Amerudi nayo."

Kanisa zima likalipuka kwa vigelegele. Mwenyekiti alinishika mkono na hakutaka kuuachilia. Watu walitoka nje wakiimba, wakimshukuru Mungu na rubani, na mgeni rasmi akahutubu upya kwa furaha, kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa amekusudia.

Jioni tulipokuwa tukiaga, mama mkwe aliomba redio ibaki naye siku mbili tatu. Nani angemkatalia? Alikaa nayo mpaka Krismasi. Nilipokwenda kuiulizia nilimkuta kibarazani, redio sikioni, ikitoa ile chwaaa tu bila sauti ya mtu yeyote. Aliniinulia kidole ninyamaze.

"Leo wako wachache," aliniambia, "lakini wote ni wazima."

Nilirudi Makutano nikanunua nyingine.