Kompyuta Mbili Chini ya Kitambaa Kimoja

Niliisikia kabla ya kuiona. Nyuma ya pazia la ofisi kitu kilikuwa kikikoroma, kikinyamaza, kikikoroma tena, kama mashine ya kusaga iliyo kilima cha pili. Nilipofunua pazia nikaikuta mezani, kompyuta pekee ya kampuni ile ya malori, imevikwa kitambaa cheupe cha kufuma kichwani. Pembeni yake alikaa sekretari, amejitanda kitenge juu ya sweta.

"Kamwene," nikamwamkia.

"Kamwene. Wewe ndiye mtu wa Njombe uliyekuja kunifutia barua zangu?"

Hofu yake ilikuwa na sababu. Biashara zilikuwa zimefunguliwa miaka ile, malori ya watu binafsi yamejaa Makambako mpaka kando ya barabara, na tajiri wake, hajji aliyehamia kutoka mkoa wa mbali, alitaka programu ya kumwonyesha gunia lipi la viazi limepakiwa lori lipi. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni, nikijua kuandika programu kwenye Linux, mfumo wa kompyuta uliokuwa wa bure. Kompyuta ilikuwa na mfumo mwingine, Windows, na humo zilikaa barua zote alizochapa sekretari tangu aanze kazi. Disketi zake za akiba nyingi zilishakufa kwa vumbi. Fundi mmoja wa pale mjini alishamshauri tajiri afute kila kitu, aweke mfumo upya. Tajiri akanipa mpaka Ijumaa. Nikishindwa, fundi angefuta.

"Sifuti kitu, dada," nikamwambia. "Naweka kompyuta ya pili ndani ya hii. Windows ni mwenyeji, Linux ni mgeni. Mgeni atapewa chumba chake, vyumba vingine hagusi."

"Na atakula nini?"

"Kumbukumbu ya mashine. Watagawana."

"Basi mpimie. Mashine yenyewe ina njaa."

Nilimpimia vibaya. Nilimpa mgeni nusu, na asubuhi iliyofuata sekretari alipochapa barua, herufi zilitoka mojamoja kama waumini wanaochelewa kuachana mlangoni mwa kanisa. "Mgeni wako mlafi huyu," akasema. Nikampunguzia chakula, na kufikia katikati ya wiki wote wawili waliishi.

Furaha ile ninayo bado. Ndani ya dirisha moja la Windows kulikuwa na kiza na maandishi meupe, kompyuta nzima inayofanya kazi ikiamini iko peke yake duniani. Haikujua habari za upepo wa Makambako wala kitambaa cha kufuma. Nilikuwa nimeanza kuandika hadithi siku zile, nikaitambua hali hiyo: watu wa hadithi nao hawajui kuwa wanaishi katika kichwa cha mtu.

Tena mgeni mzima, pamoja na chumba chake na kazi zake zote, alikuwa faili moja tu. Kila jioni kabla ya kupanda basi la kurudi Njombe nilimzima, nikamnakili, nikaiweka nakala kwenye folda nyingine.

Ijumaa baada ya swala tajiri aliingia na yule fundi, aliyebeba begi la sidii begani. Nikamwasha mgeni. Kabla sijaonyesha chochote, radi ikapiga upande wa Kichiwa.

Sekretari akainuka. Akakigeuza kioo cha kujitazamia kikatazama ukuta, akaifunika sinia ya chai ising'ae, akauchomoa waya wa kompyuta. Kwetu kila nyumba hufanya hivyo ngurumo zikianza. Mama zetu walitufundisha kabla ya kutufundisha kusoma. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa umeshatoka kwenye kibodi. Mkoromo ukakatika.

"Dada, kompyuta haichomolewi," fundi akasema akicheka. "Inazimwa."

"Na radi ungeiambia isubiri?"

Tukanywa chai mpaka mvua ikapita. Waya ulipochomekwa tena, Windows ilijikagua polepole, ikafunguka. Sekretari akafungua barua moja, akafungua nyingine. Zilikuwepo. Nikambishia mgeni hodi. Hakuitika. Kiza chake kilijaa malalamiko kwamba diski imeharibika.

"Hajji, nilikwambia," fundi akasema, akifungua zipu ya begi. "Tufute, tuanze upya."

Sekretari aliweka kiganja juu ya kompyuta, kama anayemzuia mtoto asivuke barabara.

"Ngoja kidogo, mzee," nikamwambia tajiri. Nilikuwa mtulivu, maana nilijua nilichonacho. Nikalifuta faili lililovunjika, nikaileta nakala ya jana mahali pake, nikaifungua. Mgeni akaamka kana kwamba mbingu haijawahi kunguruma. Kwake ilikuwa bado Alhamisi jioni. Nikaandika namba ya lori, na magunia yake yakajipanga kwenye kioo cha kompyuta.

Tajiri aliinama, akasoma hadi chini.

"Na barua za binti?"

"Radi yenyewe haikuzifikia."

Akamtazama sekretari, naye akaitikia kwa kichwa.

"Basi hapafutwi kitu hapa. Fundi, ahsante kwa kuja."

Fundi akafunga zipu, akaaga, akatoka akiuacha mlango wazi. Upepo ukaingia, ukakinyanyua kile kitambaa. Sekretari akakirudisha mahali pake, akakinyoosha pembe kwa pembe, kisha akaenda akaufunga mlango nyuma ya fundi.