Mito Niliyoifanya Mababu

Msinicheke kabla sijamaliza. Kwetu Wasomali, mtoto hufunzwa kutaja mababu zake, mmoja baada ya mwingine, bila kukwama. Basi mimi, mwenye kichwa kizito darasani, nikaamua kuikariri mito ya Kenya vivyo hivyo, kana kwamba ni ukoo wangu. Juma zima nilichunga mbuzi nikiimba: Abdi wa Tana, wa Athi, wa Yala.

Siku ya kuamkia mtihani wa jiografia, askari waliokuwa wakisaka shifta, waasi wenye silaha, walitupanga foleni sokoni Garissa, mikono juu. Baba alisimama nyuma yangu. Mwanamume mmoja aliyebabaika kujibu alikuwa amekwisha kutupwa ndani ya lori.

“Jina lako, la baba, la babu! Haraka!” askari alifoka, bunduki kifuani mwangu.

Ulimi ukajisemea wenyewe: “Abdi Tana Athi!”

“Inna lillahi,” Baba akanong’ona.

Askari alinikazia macho. “Huyo babu yako Athi,” akasema taratibu, “mimi nimeogelea ndani yake tangu utotoni. Haya, baba yako ni nani?”

Nikafungua mdomo. Jina la Baba, aliyekuwa akinihemea kisogoni, halikuja.