Kilemba cha Fundi wa Kuchomelea
Fundi wetu wa kuchomelea ni Singasinga mpole, mikono yake imejaa makovu ya cheche. Siku hizi haishi kupapasa kilemba. Zamani kilishikwa na fundo la nywele utosini. Sasa zimenyonyoka karibu zote, na mahali pake ameshindilia kitambaa. Jana aliinama kuchomelea geti, kilemba kikateleza, kikaanguka. Akaacha kila kitu, akafunika kichwa kwa viganja.

"Kumbe mzee umenyoa!" mteja akacheka.

Yeye, ambaye kwa imani yake hajaguswa na mkasi tangu azaliwe, alijibu taratibu, "Sikunyoa, mwanangu. Zimeniacha zenyewe."

Akaokota kilemba, akageukia ukutani. Akakifunga, kikalegea, akakifunga tena. Sisi wasaidizi wake tulizima mashine, tukatazama chini.