Usiachie Leso

Siku yangu ya kwanza kazini niliogopa mbwa, nikaogopa bosi, halafu nikaogopa maji, na yote hayo kabla ya chai ya saa nne. Nawaambia mapema msije mkadhani mnasoma habari za shujaa. Mimi ni mwoga. Nilikuwa mwoga nilipoajiriwa na umoja wa akina mama wa Kibaptisti, nikaifanya kazi ya umisheni nikiwa mwoga, na nimestaafu vilevile.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, huko Section 58, Nakuru. Kulikuwa na meza, cherehani za kufundishia wasichana ushonaji, na kabati la leso, zile kanga za akina mama. Mbwa wa jirani alinifukuza hadi mlangoni, kwa hivyo niliingia nikihema, kiatu kimoja mkononi. Mama Mratibu, aliyesimamia kazi zote za akina mama katika eneo letu, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya shamba. Hakuniuliza nimesoma hadi wapi. Alifungua kabati akanirushia leso ya buluu.

"Shika huko."

Nikashika pembe mbili. Yeye akashika zile nyingine, akavuta ghafla nusura nianguke. Leso ikanitoka.

"Umeachilia," akasema. "Ukiachilia hivyo Jumapili, mama wa watu atasimama mbele ya kanisa zima bila sitara. Rudia."

Tulirudia mpaka vidole vikaniuma. Nilikuwa nimetarajia kupewa Biblia na kalamu, kumbe kazi yangu ya kwanza ni kitambaa, tena cha kushikwa kando ya maji, na hapo nikaogopa kwa mara ya tatu.

Ngoja niwaeleze nyinyi vijana ambao hamjaona. Kwetu ubatizo ni wa maji mengi. Mtu anakiri imani yake mwenyewe, akiwa na akili zake, kisha mchungaji anamzamisha mwili mzima na kumwinua. Mwanamke akitoka majini nguo zimemganda mwilini, anatetemeka, macho yamejaa maji. Hapo ndipo washika leso huingia. Wawili wanamzungushia leso na kumtoa hadi mahali pa kubadilishia nguo, huku wenzao wakiimba. Sheria ilikuwa moja tu: huachii leso mpaka miguu yake yote miwili iko pakavu.

Wimbo huo tuliuita wimbo wa majini. Tuliuzoea sana hivi kwamba hata tulipokwenda kutembelea watu nyumbani, wawili wawili kama ilivyo desturi yetu, tuliuimba tukifika langoni badala ya kupiga hodi. Hodi huwaamsha mbwa tu, lakini wimbo humwambia mwenye nyumba ni akina nani wamekuja. Sote tuliona ni jambo zuri. Hakuna aliyewahi kujiuliza kama kuna mtu ambaye wimbo huo unamtia baridi.

Baada ya Nakuru nilipelekwa Bahati, na Bahati ni nyumbani. Huko nilikulia, na huko nilipokuwa msichana niliteleza nikifua kwenye bwawa la shamba moja la zamani la Wazungu. Nilitolewa nikiwa nimekunywa maji ya kutosha. Tangu siku hiyo hata beseni likijaa sana situpi macho humo. Sasa kadiria: Mchungaji wa Bahati hakuwa na birika la ubatizo kanisani. Alibatiza watu bwawani. Bwawa lilelile.

Jumapili ya kwanza huko nilisimama ukingoni na leso yangu, hatua tatu nyuma ya wenzangu. Mama Mratibu alikuwa amekuja kukagua kazi. Akasogea karibu.

"Tabitha, unaogopa?"

"Ndiyo, Mama."

"Vizuri. Ogopa. Lakini usiachie leso."

Basi. Hakunihubiria, hakuniambia nina imani haba. Nikaogopa hadi mtu wa mwisho akatoka majini, na leso sikuiachia. Nilifanya hivyo miaka mingi, na kwa kweli sijui watu wanaosema woga huisha kwa mazoea walifanyia mazoezi wapi. Wangu haukuisha.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Naivasha. Huko bosi wangu alikuwa Mama Mwenyekiti wa umoja wetu, mfanyabiashara wa mitumba, mfupi, mkali, mwenye mwendo wa haraka. Tulifundisha wasichana, tuliandaa juma la maombi ya umisheni, tulitembelea wagonjwa. Sehemu kubwa ya matembezi yetu ilikuwa Kihoto, karibu na ziwa, na hapo ndipo nilipofahamiana na Shosho Wambui.

Shosho, ndivyo tunavyomwita bibi mzee kwetu, alikuwa mjane, akiishi peke yake katika chumba cha mabati alichoachiwa na mumewe, akiuza mboga za sukuma wiki. Alibatizwa utotoni kwa kunyunyiziwa maji, katika kanisa lingine, na sisi alituita wale wa kuzamisha. Alitukaribisha, akatupa chai, akacheka nasi. Lakini kila tulipoaga alisema, "Mimi nilinyunyiziwa ikatosha. Mkitaka kunizamisha, ngojeni nife kwanza." Tulicheka. Tulidhani ni mzaha. Jamani, haukuwa mzaha hata kidogo. Yule mama alikuwa akiogopa kwamba siku moja tutamshika.

Halafu ziwa likapanda. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja polepole, leo kwenye mtaro, kesho kwenye choo, keshokutwa mlangoni, na viboko wakaja pamoja nalo, wakila mboga za watu katikati ya ploti za makazi. Watu walianza kuhama na magodoro kichwani. Mimi nilikuwa nikilala vibaya, nikiamka nasikia maji mahali ambapo hayapo.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, Mama Mwenyekiti alituita. Familia kadhaa zilikuwa bado ndani, na Shosho Wambui alikuwa mmoja wao. Tulivaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, tukabeba leso za kufungia watoto na mizigo, tukagawana wawili wawili, mimi na Mama Mwenyekiti, tukaingia majini. Yalinifika magotini, kisha mapajani. Ndani ya gambuti maji yalikuwa mazito na baridi. Sikuona chini. Nilikuwa nikiomba kwa sauti ya chini, na ombi lenyewe lilikuwa neno moja tu, Yesu, Yesu, Yesu.

Tulipokaribia kwa Shosho, Mama Mwenyekiti alifanya tulivyozoea kufanya. Alianzisha wimbo wa majini.

Mlango wa Shosho uliokuwa wazi ukafungwa kwa nguvu. Komeo likaingia.

"Nimewasikia!" Shosho akapiga kelele ndani. "Mmeona maji yamefika mlangoni mkasema leo ndio leo! Hamnizamishi!"

Kusema kweli nilitaka kucheka. Halafu nikaangalia kizingiti chake kilichoinuliwa, nikaona maji yanaingia chini ya mlango bila haraka, na kicheko kikakauka.

"Shosho, tumekuja kukutoa!" Mama Mwenyekiti akaita.

"Na leso za buluu? Na wimbo? Mnadhani mimi ni mtoto? Nendeni!"

Kila Mama Mwenyekiti alipozidi kusihi, Shosho alizidi kukataa. Tukasikia anasukuma kitu kizito mlangoni, kitanda labda. Wakati huo akafika mwenye mashua, akiwa na mama mmoja na watoto wake waliokuwa wakilia.

"Mathe, ingieni sasa hivi," akasema. "Kuna kiboko nyuma ya kile choo. Mimi sikai hapa."

Mama Mwenyekiti aliingia kuwashika wale watoto, maana mmoja alikuwa akijirusha. Hapakuwa na nafasi zaidi. "Tunarudi, Tabitha! Usitoke hapo!" Mashua ikaondoka, nami nikabaki nimeshika kitasa cha mlango usiofunguka.

Nyuma ya choo kitu kikapumua.

Sijui niwaelezeje. Mwili uliniacha. Nilijaribu kuinua mguu, mguu ukakataa. Nilikuwa tena yule msichana wa bwawani, ninanusa matope yaleyale. Nikasahau umisheni, nikasahau kwamba nimekuja kuokoa mtu. Nikalia.

"Shosho, nifungulie. Siji kukutoa. Naogopa. Siwezi kusonga."

Nyayo zikachapa maji ndani. Kisha sauti ikasogea karibu na mlango.

"Unaogopa nini? Si wewe ni wa maji?"

"Naogopa maji tangu nikiwa mtoto, Shosho. Nitaanguka. Aki nitaanguka."

Nikasikia kitanda kikikokotwa. Komeo likatoka. Shosho Wambui akasimama hapo, sketi ameikunja kiunoni, mfuko wa nguo kichwani, ananitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyekwama.

"Ngai!" akasema. "Mbaptisti anaogopa maji! Mlikuwa mnanizamisha na nini, basi? Lete hiyo leso."

Akajifunga pembe moja mkononi, mimi nikashika ile nyingine, na yeye ndiye aliyetangulia. Alijua njia yote, akatupitisha mbali na kile choo, alijua palipo na jiwe. Alinigombeza kila hatua, "Kanyaga hapa, si hapo, wewe hata macho huna?" na kugombezwa huko kulinisaidia kuliko maombi yangu. Lakini mtaro alikuwa ameusahau, au maji yalikuwa yameuchimba zaidi. Mguu wake ukateleza, akazama hadi kifuani, mfuko ukaenda na maji. Leso ikavuta mikono yangu kwa nguvu, kama siku ile Mama Mratibu aliponivuta ofisini.

Sikuiachia. Nilipiga mayowe, lakini sikuiachia. Akaishika leso kwa mikono yote miwili, akajivuta, akasimama.

Tulipofika barabarani, kwenye udongo mkavu wa murram, akasema, "Haya, achia sasa."

"Siwezi," nikamwambia. Vidole vilikuwa vimejifunga. Ilibidi avifungue yeye mwenyewe, kimoja kimoja, akinung'unika. Baadaye alilihadithia soko zima kwamba akina mama wa kuzamisha walikuja kwake, na yeye ndiye aliyewatoa majini.

Nimestaafu sasa. Siku ya kuniaga walinipa thermosi na leso mpya, na mgeni wa heshima akasema mimi ni simba wa Bwana. Niliangalia chini. Kazi imebadilika, na imebadilika vizuri. Mhudumu aliyechukua nafasi yangu ni msichana anayeitwa Sheila, anayejua kuogelea, mwenye kikundi cha WhatsApp na jaketi za kuelea. Namsifu bila wivu. Lakini ziwa halijarudi lilikotoka. Likipungua watu hurejea, maana nyumba ni nyumba, na Shosho Wambui naye alirejea. Mvua ikigonga mabati yangu huku juu ya mji wa Naivasha, moyo unaenda mbio. Nilidhani kustaafu kunamaliza woga. Kumbe unaogopa zaidi, kwa sababu sasa unaogopa ukiwa umekaa kitini.

Msimu huu wa mvua Sheila alinipigia simu mchana.

"Mathe, shosho amejilock ndani. Maji iko kwa dirisha karibu. Anasema tumekuja kumzamisha."

"Mliimba?"

Akashusha sauti. "Tuliimba kidogo tu."

"Nyamazeni. Mwambie unaogopa."

"Nimemwambia. Amesema nadanganya, ati aliniona nikiogelea."

Nikachukua leso ya zamani, ile ya buluu, kutoka nyuma ya mlango. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka kabla sijapata viatu. "Mwambie Tabitha anakuja," nikasema. "Na huo si uongo, mwambie anatetemeka."

Nilipofika ukingoni maji yalikuwa mapana kuliko nilivyoyakumbuka. Sheila alinishika mkono. Niliingia hadi magotini, nikasimama, nikashindwa kuendelea, nikaita kwa sauti niliyokuwa nayo, "Shosho! Ni mimi! Siwezi kufika!"

Kitu kizito kikakokotwa ndani. Kisha nikamsikia, mkali vilevile:

"Mshikeni huyo asizame! Nakuja!"

Na komeo likatoka.